Mjane hakununua tena shamba lake, alilikomboa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nieleze jambo ambalo wengi wataliona dogo. Katika toleo lenu la Jumamosi mliweka habari mbili katika ukurasa mmoja, moja juu na nyingine chini yake. Ya juu ilibeba kichwa, "Mjane anunua tena shamba la marehemu mumewe". Ya chini ikasema, "Kampuni yakomboa hisa zake sokoni". Nilizisoma zote hadi nukta ya mwisho, kisha nikavirudia vichwa. Lau vitenzi vile vingebadilishana nafasi, cha juu kikashuka na cha chini kikapanda, ukurasa ungesomeka sawasawa. Mjane alikuwa amekomboa. Kampuni ilikuwa imenunua.

Simlaumu mwandishi kwa kukosa Kiswahili, maana habari zenyewe zimeandikwa vizuri. Ninachosema ni kwamba maneno haya mawili yanaamua mali ilikuwa ya nani, na gazeti likiyachanganya linamnyang'anya mtu haki yake pasipo kujua.

Kazi yangu ni ukalimani wa mahakamani. Nasimama kati ya shahidi na hakimu, na kila ninachokisema kinaandikwa na kubaki. Nimewahi kumwona wakili akimkaba mama mmoja kwa jambo hilihili. Mama alisema kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba alikwenda kwa mkopeshaji na fedha zake kulikomboa shamba. Lakini katika maelezo yake yaliyotafsiriwa na ofisi nyingine kabla kesi haijafika kwetu, paliandikwa kuwa alikwenda kulinunua. Wakili wa upande wa pili akaliona pengo akaingia: "Kama ulikwenda kulinunua, basi ulijua si lako. Nani hununua kilicho chake?" Mama akabaki ameduwaa, kwa sababu yeye hakulitamka neno lile. Mabishano yaliyofuata yalikula karibu asubuhi nzima, na yote yalizunguka kitenzi kimoja cha mtu aliyekuwa na haraka ya kumaliza kurasa zake.

Sasa turudi kwa mjane wenu. Kwa mujibu wa habari yenyewe, mumewe alikopa, akaacha hati ya shamba kwa mkopeshaji, akafariki kabla ya kulipa. Mjane akalipa deni na nyongeza yake, akarudishiwa hati. Hapo hakuna mauzo yoyote. Shamba halikuuzwa mume alipokopa, na mke alipolipa hakukuwa na kitu cha kununua. Mkopeshaji alikuwa ameshika hati, hakuwa amemiliki shamba. Mkiandika kwamba mama "alinunua tena", msomaji anaelewa kwamba kwa miaka ile yote mwenye shamba alikuwa mkopeshaji, na kwamba ni hisani yake kukubali kuliuza. Kesho ndugu wa marehemu wakitaka kumsumbua, gazeti lenu ndilo watakaloliweka mezani: shamba la urithi lilikwisha kutoka katika ukoo, huyu kalinunua kwa fedha zake, au kinyume chake, kalinunua kwa fedha za nani?

Tofauti ninayoizungumzia iko hivi. Anayenunua tena alikuwa na kitu, akakiuza, kikawa cha mwingine kabisa, kisha akaenda kwa yule mwingine kama mnunuzi yeyote. Anaweza kukataliwa. Anaweza kutajiwa bei mara mbili ya ile aliyouzia, na hana la kusema. Anayekomboa ana haki ambayo haikukatika. Kitu kipo mikononi mwa mwingine, lakini uzi unaokifunga kwa mwenyewe bado upo, na kiasi cha kulipa kinajulikana kwa sababu kinatokana na deni na si na tamaa ya aliyekishika. Akileta kiasi hicho kwa wakati, aliyekishika hana hiari. Ndiyo maana mimi nikipata shaka huuliza swali moja tu: huyu mwenye kitu mkononi angeweza kusema "siuzi"? Kama angeweza, andika nunua. Kama hakuwa na ruhusa ya kusema hivyo, andika komboa.

Najua sehemu ya tatizo iko katika neno lenyewe "tena". Kiswahili hakina kitenzi kimoja cha kununua kile ulichokiuza, kwa hiyo tunaungaunga, na "tena" lina sura zaidi ya moja. "Amenunua tena baiskeli" yaweza kuwa ileile aliyoiuza mwaka jana, yaweza kuwa mpya baada ya ya kwanza kuibwa, yaweza hata kuwa malalamiko ya mke anayeona nyumba imejaa baiskeli. Lugha inatupa msaada mdogo ambao waandishi wa siku hizi wanausahau, nao ni kiambishi cha yambwa, ile silabi ndani ya kitenzi inayotaja kitu kinachotendwa. "Ameinunua tena baiskeli yake" inabana maana. Sasa tunajua ni ileile. Na kama nafasi ipo, andikeni kwa urefu: ameirudisha baiskeli yake kwa kuinunua kutoka kwa mtu ambaye yeye mwenyewe alimwuzia zamani. Maneno ni mengi, lakini hakuna wakili atakayepata pa kushika.

Tena angalieni "nunua" inavyobadilika ikipewa mtu badala ya kitu. Siku hizi "kumnunua" shahidi au mpiga kura ni kumhonga. Kwa hiyo mwandishi anayeandika kwamba familia "ilimnunua" mtoto wao kutoka kwa watekaji ameandika jambo la aibu bila kukusudia. Kwa mtu, neno ni komboa.

Jambo hili si la Kiswahili peke yake, wala si la jana. Katika Agano la Kale, kitabu cha Mambo ya Walawi sura ya 25, sheria inaweka wazi kwamba ardhi haiuzwi moja kwa moja. Mtu akifukarika akauza sehemu ya milki yake, jamaa yake wa karibu ana haki ya kuja kuikomboa. Nyumba iliyo ndani ya mji wenye ukuta ilikuwa na muhula wa mwaka mmoja tu, ukipita hiyo imekwenda kwa mnunuzi na vizazi vyake. Ardhi ya shamba ilisubiri hadi mwaka wa yubile, yaani mwaka wa 50, ambapo ilirudi kwa mwenyewe. Na mahali ninapopapenda zaidi ni Yeremia sura ya 32. Nabii amefungwa katika ua wa walinzi, jeshi la Babeli limeuzingira mji, na binamu yake Hanameli anamjia kumwambia anunue shamba la Anathothi kwa sababu haki ya ukombozi ni yake. Yeremia anapima shekeli 17 za fedha, hati inaandikwa, nakala moja inatiwa muhuri na nyingine inaachwa wazi, zote zinatiwa katika chombo cha udongo zidumu. Tazameni: kununua na ukombozi vimo katika aya moja, na havikuchanganywa. Kununua ni tendo alilolifanya kwa mizani na fedha. Ukombozi ni haki iliyomfanya yeye, na si jirani yeyote, aitwe kwanza.

Mahakama za Uingereza nazo zilipitia shule hii kwa uchungu. Zamani mtu aliyeweka ardhi rehani alipewa siku ya kulipa. Siku ikipita hata kwa saa chache, ardhi ilikuwa ya mkopeshaji, haijalishi deni lilikuwa dogo kiasi gani. Kuanzia karne ya 17 mahakama ya Chansela, iliyotazama haki kuliko ukali wa maandishi, ikazoea kuingilia kati, ikimruhusu mdaiwa akomboe hata baada ya siku ile kupita, maadamu analipa mtaji na riba. Wakopeshaji hawakukaa kimya. Wakaanza kubuni mikataba inayosema kwamba hii si rehani bali ni mauzo, au kwamba mdaiwa ameiacha kwa hiari haki yake ya kukomboa. Majaji wakajibu kwa kanuni ambayo bado inafundishwa vyuoni: kilichoanza kuwa rehani hubaki rehani, na kifungu chochote kinachoziba njia ya ukombozi hakina nguvu. Kwa maneno mengine, walikataa kudanganywa na kitenzi. Mkopeshaji aliandika "nimenunua", jaji akasoma "amewekewa rehani".

Lakini nisiwe kama anayesema mambo yote ni meupe na meusi. Kuna mikataba iliyokaa katikati kwa makusudi, na huko ndiko mwandishi anahitaji kuwa makini zaidi. Katika sheria ya Kiislamu ipo bei, kwa maana ya mauzo, iitwayo wafaa: mtu anauza kitu kwa sharti kwamba akirudisha fedha zile alizopokea, mnunuzi atakirudisha kitu. Mejelle, sheria ya dola ya Uthmaniya iliyokusanywa kati ya 1869 na 1876, iliitambua bei hiyo na kuieleza bila kuona haya kuwa ni mauzo kwa upande mmoja, kwa sababu mnunuzi anafaidi kitu kile, na ni kama rehani kwa upande mwingine, kwa sababu hakuna kati yao wawili anayeruhusiwa kumwuzia mtu wa tatu.

Zanzibar na pwani yake ziliijua vizuri ndugu ya bei hiyo, mauzo ya khiyari. Katika karne ya 19 mwenye shamba aliyehitaji fedha alimwuzia mfanyabiashara shamba lake kwa hati, akibakiza khiyari ya kulirudisha ndani ya muda fulani akileta bei ileile. Kisha, na hapa ndipo penye utamu wa mambo, hakuondoka. Alibaki palepale, akaendelea kuvuna, na akamlipa "mnunuzi" kodi ya shamba alilokuwa akiliita lake jana. Kodi ile ilifanya kazi ambayo riba ingeifanya kama riba ingeruhusiwa. Hati ilisema mauzo. Maisha yalisema rehani. Sasa mtu huyo akileta fedha zake kabla muda haujaisha, tuseme nini? Mimi nasema alikomboa, kwa sababu swali langu linajibika: mnunuzi hakuwa na ruhusa ya kusema "siuzi". Muda ukiisha, akaja kwa kubembeleza, mnunuzi akakubali kwa bei mpya, hapo amenunua tena. Tendo ni lilelile kwa macho, fedha zinatoka mkono huu kwenda ule, lakini neno limebadilika usiku mmoja tu muhula ulipokatika.

Wafaransa wameliweka jambo hili katika kanuni yao ya madai, kifungu cha 1659 na cha 1660. Muuzaji anaweza kujiwekea haki ya kurudisha alichouza kwa kurudisha bei na gharama, lakini haki hiyo haiwezi kuwekwa kwa zaidi ya miaka 5. Kwa nini mpaka? Kwa sababu mali ikikaa muda mrefu mno na mabwana wawili, hakuna anayeijali. Mnunuzi haijengi kwa kuogopa kunyang'anywa, muuzaji haitunzi kwa sababu haipo mkononi.

Anayedhani haya ni mambo ya wazee na mashamba, namkumbusha habari ya Lehman Brothers, ile benki ya Marekani iliyoanguka Septemba 2008. Benki kubwa hukopeshana kila siku kwa mkataba wa kuuza dhamana za fedha, yaani hati za mikopo zinazouzika sokoni, leo na kuahidi kuzinunua tena kesho au wiki ijayo, kwa bei ya juu kidogo. Kila mtu anajua ni mkopo uliovaa nguo za mauzo, na katika hesabu huandikwa kama mkopo. Lehman walikuwa na aina yao, wakiiita Repo 105 kwa sababu walitoa dhamana za thamani ya 105 kupata fedha taslimu 100. Kwa kutoa zaidi ya kawaida, wakapata kisingizio cha kihasibu cha kuuandika kama mauzo ya kweli. Mwisho wa robo mwaka ukikaribia, mali inatoka katika vitabu, fedha zilizopatikana zinalipia madeni mengine, benki inaonekana nyepesi. Baada ya siku chache wanazirudisha. Taarifa ya mchunguzi aliyeteuliwa na mahakama ya ufilisi, iliyotolewa 2010, ilionyesha kwamba katikati ya 2008 karibu dola bilioni 50 ziliondolewa kwa njia hiyo. Mjadala wote wa kurasa zile nyingi unaweza kufupishwa kwa Kiswahili cha mjane: je, waliuza, au waliweka rehani?

Kuhusu hisa sina mengi. Kampuni inayoingia sokoni kununua hisa zake yenyewe inanunua, basi, kwa sababu mwenye hisa ana hiari ya kubaki nazo na bei inaamuliwa na soko. Hata Marekani ilipoamua mwaka 2022 kutoza kodi ya asilimia 1 kwa kampuni zinazofanya hivyo, kuanzia 2023, kilichotozwa ni thamani ya manunuzi. Ila zipo hisa za upendeleo zinazotolewa kwa sharti kwamba kampuni itazirudisha kwa bei iliyoandikwa, na zipo hatifungani, hati za mkopo, ambazo mtoaji ana haki ya kuzilipa kabla ya wakati. Hizo ndizo zinazokombolewa. Mwandishi wa ukurasa wenu wa biashara akisoma hati ya toleo, atalikuta sharti hilo au atalikosa, na kitenzi kitajichagua chenyewe.

Nimesema kwa mtu neno ni komboa, nami nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo neno linapoonyesha thamani yake. Katika karne ya 12, mwaka 1198, lilianzishwa shirika la watawa wa Utatu ambalo kazi yake ilikuwa kukusanya fedha na kuwakomboa mateka wa Kikristo. Mmoja wa waliofaidika ni Miguel de Cervantes, mwandishi wa Kihispania. Alitekwa baharini mwaka 1575, akakaa Algiers miaka 5, akajaribu kutoroka akashindwa, hadi 1580 watawa hao walipomtoa kwa escudo 500 za dhahabu. Hakuna aliyesema watawa walimnunua. Waliomshika walikuwa na nguvu juu yake, hawakuwa na haki.

Lakini mwaka 1846 likazuka jambo lililowagawa watu wema kabisa. Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani Marekani akawa msemaji mkubwa dhidi ya utumwa, alikuwa Uingereza akihutubia. Kisheria bado alikuwa mali ya familia ya Auld, na akirudi nyumbani angeweza kukamatwa. Rafiki zake Waingereza wakachanga pauni 150, wakamlipa Hugh Auld, hati ya uhuru ikaandikwa. Baadhi ya wapinga utumwa wenzake wakakasirika. Walisema kulipa ni kukiri kwamba mtu anaweza kuwa mali, kwamba Auld alikuwa na cha kuuza. Henry C. Wright alimwandikia barua ya kumsihi aikatae hati ile. Douglass akamjibu kwa barua mwezi Desemba mwaka huohuo, akitetea kilichofanyika, na mwaka 1847 akarudi Marekani akiwa huru. Nikisoma mabishano yale naona ni mabishano ya kitenzi kama yale ya mama wa mahakamani. Wright aliona kununua. Marafiki wa Douglass waliona kukomboa. Fedha zilikuwa zilezile, mpokeaji yuleyule. Mimi niko upande wa marafiki, ila naelewa kwa nini Wright hakulala.

Pembeni ya komboa yupo jamaa yake mwenye asili ya Kiarabu, fidia. Zamani maneno haya mawili yalikaa karibu sana, na fidia ilikuwa hasa kile kinachotolewa ili mtu aachiliwe. Asiyeweza kufunga Ramadhani hutoa fidia ya kumlisha maskini, kama inavyosomwa katika aya ya 184 ya Suratul Baqara. Leo katika magazeti fidia imehamia kwenye hasara: aliyebomolewa nyumba analipwa fidia, aliyevunjwa mguu anadai fidia. Sioni ubaya, lugha inakua. Ila mwelekeo umegeuka, na mwandishi aukumbuke. Aliyelipwa fidia hakirudishiwi kile alichopoteza, anapewa kitu kingine badala yake. Aliyekomboa amekipata kilekile.

Nadhani najua kwa nini waandishi wenu wanaliogopa komboa hadi wanalikimbia hata linapohitajika. Limekuwa neno kubwa mno. Makanisani Mkombozi ni mmoja, na anaandikwa kwa herufi kubwa. Kisha zikaja harakati za uhuru. Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliunda Kamati ya Ukombozi, makao yake yakawa Dar es Salaam, na kwa miaka mingi redio zilipotamka ukombozi zilimaanisha bunduki, mipaka na bendera. Neno lililokuwa la deni na rehani likapanda jukwaani, na aliyelizoea jukwaani anaona aibu kulitumia kwa cherehani iliyowekwa poni. Matokeo yake ni "kununua tena". Watoto hawana aibu hiyo. Katika kombolela, mchezo wa kujificha, yule anayewahi kufika kituoni kabla ya mtafutaji anawakomboa wenzake wote waliokamatwa, na hakuna mtoto atakayekuambia amewanunua.

Na neno halijafa mahali penye kazi. Wanaoshughulika na mizigo bandarini husema kugomboa, kwa g: mzigo ni wako tangu ulipoulipia ng'ambo, lakini umeshikwa hadi ulipe ushuru na tozo, ukishalipa unaugomboa. Hakuna wakala wa forodha atakayesema anaununua tena mzigo wa mteja wake, mteja angemfukuza. Wale walioweka simu bondi nao husema wanakwenda kuikomboa. Kwa hiyo neno linatembea katika midomo ya watu kila siku, ila linapofika mezani kwa mhariri linavuliwa viatu na kuambiwa lisubiri nje.

Kuna upande wa pili pia, wa kulitumia ovyo. Programu za simu zinawaambia watu "komboa pointi zako". Pointi zile hazikuwekwa rehani na mtu yeyote. Ni zawadi, zibadilisheni au zitumieni. Na mshtakiwa anayeachiwa kwa dhamana hakukombolewa, maana dhamana haimalizi kesi, inamruhusu tu aje siku ya kesi kutoka kwake nyumbani.

Basi ninachoomba kwenu ni kidogo. Kabla ya kuandika kichwa, mwandishi aulize kama mali iliuzwa au iliwekwa. Kama iliwekwa, aandike komboa bila haya. Kama iliuzwa kabisa, aandike kununua na aongeze yule aliyeiuza zamani ni nani, ili "tena" lisibebe mzigo peke yake. Kama iliuzwa kwa sharti, aulize muhula umeisha au haujaisha. Na kwa mjane yule, kama mtaona inafaa, chapisheni sahihisho la mstari mmoja. Kwenu ni wino kidogo, kwake ni hati ya pili.

Yapo mazingira ambayo hata mimi nalazimika kufikiri zaidi. Mwaka 2009 mjini Paris viliuzwa kwa mnada vichwa viwili vya shaba, cha panya na cha sungura, vilivyoporwa na majeshi ya Uingereza na Ufaransa katika kasri la kifalme karibu na Beijing mwaka 1860. Mchina mmoja, Cai Mingchao, alishinda kwa dau la zaidi ya euro milioni 31, kisha akatangaza kwamba hatalipa, akisema alikuwa akitimiza wajibu wake kama Mchina. Wengine walimwona mhuni aliyeharibu mnada. Lakini angelipa, gazeti lingeandika nini? Kwamba China imenunua tena? Haikuwahi kuviuza. Kwamba imevikomboa? Pengine, kama mateka wanavyokombolewa, ila hata hilo lingempa mporaji heshima asiyostahili. Mwaka 2013 François Pinault, tajiri wa Kifaransa ambaye familia yake inamiliki nyumba ya mnada iliyoviuza, alivitoa bure vikarudi China. Siku ile waandishi wa Kiswahili hawakuhitaji kuhangaika: vilirudishwa.

Ni mimi msomaji wenu wa kila Jumamosi,
Mkalimani wa mahakamani